Kila Jiwe Huitwa Mwamba: Hoja Dhidi ya Uvivu wa Kutaja

Kuna kauli nimeisikia kwa miaka mingi, katika vikao vya walimu na katika makongamano ya washairi, na kila niisikiapo huniudhi zaidi. Kauli yenyewe ni hii: Kiswahili ni lugha tamu ya tungo, methali na hotuba, ila sayansi ina lugha yake. Hutamkwa kwa upole, tena na watu wanaokipenda Kiswahili kwa dhati, kana kwamba ni sifa. Kumbe ni kama kumwambia mtu kuwa amejaliwa sauti nzuri ya kuimbia harusini, bali mirathi ikigawanywa akae kando.

Nitaijibu kauli hii kwa mfano mmoja, nao ni daftari la mjiolojia awapo nyikani akirekodi aina za miamba. Nimeuchagua kwa makusudi. Kwanza, nilifundisha Jiografia na Kiswahili kwa pamoja, na masomo haya mawili yamekuwa yakigombana kichwani mwangu tangu chuo cha ualimu. Pili, ndio mfano ambao wapinzani wangu huutaja wakitaka kunimaliza: "Haya, mwalimu, tuandikie jiwe kwa Kiswahili!" Basi na tuliandike.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa maana wengi wanaodai kuwa lugha haiwezi kuifanya hawajui ni kazi gani. Mpimaji wa miamba hatembei akitaja majina. Anapofika mahali ambapo mwamba umejitokeza juu ya ardhi, hukipa kituo hicho namba na kuandika mahali kilipo. Kisha hujiuliza swali la kwanza: je, huu ni mwamba wa hapa, ulioshikamana na ardhi ya chini yake, au ni jiwe lililobiringika kutoka mlimani au kuletwa na maji? Mkosaji hapa hukosea ramani nzima, kwani atachora mwamba mahali usipokuwepo. Halafu hugonga kwa nyundo, kwa sababu uso wa nje umechakazwa na jua na mvua, na rangi yake ni ya uongo. Hutazama uso mpya uliovunjika: rangi, ukubwa wa punje, namna punje zilivyoshikana, zinazometa na zisizometa. Huzikagua kwa lenzi ikuzayo mara 10. Hukwaruza kwa ukucha, kisha kwa kisu. Hudondosha asidi kidogo aone kama jiwe litatoa povu, dalili ya chokaa. Hupima tabaka limeelekea wapi na limeinama kiasi gani. Huchora. Huchukua kipande, hukiandika namba, hukitia mfukoni. Jina la mwamba, akiwa mpimaji mwaminifu, ndilo la mwisho kuandikwa, na mara nyingine huliwekea alama ya kuuliza.

Sasa nauliza: katika orodha hiyo, ni wapi Kiswahili kilipokwama? Kurekodi mwamba ni kazi ya vitenzi na vivumishi kabla ya kuwa kazi ya nomino. Wanaolia kwamba hatuna istilahi wanalilia nomino, nao wamesahau kwamba kwa vitenzi sisi ni matajiri wa kupindukia.

Chukua tendo moja tu, la kitu kigumu kuachana. Kiswahili hakitosheki na kuvunjika. Mkate humeguka. Nguo huchanika. Plasta ya ukuta hubanduka. Jani kavu hufikichika. Gome la mti huambuka. Ukingo wa mto humomonyoka. Mahindi hupukuchika kutoka kwenye gunzi. Mpimaji wa miamba anazihitaji tofauti hizi zote. Kilima cha graniti kilichopigwa na jua kwa karne nyingi huambuka maganda mapana, mfano wa kitunguu. Graniti iliyooza kwa unyevu haivunjiki, hupukuchika: ukiishika, punje zake huachana moja moja, kila moja ingali nzima. Shisti huchanika kwa kufuata kurasa zake. Jiwe la udongo mfinyanzi hufikichika. Kwatzi hupasuka kama chupa. Mwanafunzi akijua kutumia vitenzi hivyo vitano pahala pake, ameshapiga nusu ya safari ya kutambua mwamba, na hajatamka hata neno moja la kukopa.

Chukua pia ukubwa wa punje. Wataalamu wamekubaliana kwamba mchanga huanzia sehemu moja ya 16 ya milimita na kuishia milimita 2. Ukipita hapo umeingia katika changarawe. Wamehitaji jedwali na mikutano. Fundi mwashi wa mtaani kwangu hakuhitaji mkutano kujua tofauti ya tope, mchanga laini, mchanga wa kukwaruza, changarawe, kokoto, jiwe na jabali, maana akikosea kuagiza, nyumba itapasuka. Kazi iliyobaki ni kuweka vipimo kwenye ngazi aliyokwisha kuijenga. Friedrich Mohs naye, alipotunga kipimo chake cha ugumu mwaka 1812, aliegemea jambo ambalo mtoto yeyote hulijua: kigumu hukwaruza kilaini. Ukucha hushinda ulanga laini, kisu hushinda kalisaiti, kwatzi hushinda kisu, almasi hushinda wote.

Ili nisionekane nasema tu, naweka hapa mfano wa ukurasa wa daftari, kama ambavyo ningemtaka mwanafunzi aandike mbele ya mwamba ulio chini ya milima ya Uluguru:

"Kituo cha 7. Mkato wa barabara, urefu wa hatua 30, kimo cha mita 4. Mwamba ni wa hapa, si jiwe mgeni. Uso wa nje: kahawia, umefunikwa kuvu, unabanduka. Uso mpya: milia myeupe na myeusi inayopishana, upana wa milia kuanzia milimita 3 hadi sentimita 2. Milia myeupe: punje za kwatzi na feldispa, zimeshikana kama sukari iliyoganda. Milia myeusi: ulanga mweusi unaometa, vigamba vyote vimelala upande mmoja. Punje nyekundu za mviringo, ukubwa wa mtama, zimetawanyika: huenda ni ganeti. Kisu hakikwaruzi milia myeupe. Asidi haitoi povu. Mlalo wa milia: nyuzi 40 kutoka kaskazini. Mwinamo: nyuzi 65 kuelekea kusini mashariki. Mshipa mmoja wa kwatzi, upana wa kiganja, unakata milia: kwa hiyo ni mchanga kuliko mwamba. Kipande 7A kimechukuliwa. Jina: naisi yenye ulanga."

Msomaji ambaye hajapata kusoma jiolojia hata siku moja ameuona mwamba huu. Anaweza kwenda Uluguru akautafuta. Na akiusoma tena sentensi ya mshipa, ataona kwamba ameshiriki katika kutoa hoja: kikatacho ni kichanga kuliko kilichokatwa. Hiyo ni kanuni mojawapo kuu za sayansi hii, na imeingia kichwani mwake bila kubisha hodi kwa lugha ya kigeni.

Nimetumia maneno machache ambayo wenzangu wa kamusi watayashuku, nami nayatetea. "Jiwe mgeni" nimelitwaa kwa sababu uhusiano wa mgeni na mwenyeji ndio hasa uliopo: jiwe lina kwao, na hapa si kwao. "Mlalo" na "mwinamo" nimeyachagua kwa kuitazama paa ya nyumba. Mstari wa kilele cha paa una mwelekeo wake, huo ni mlalo. Upande ambao maji ya mvua hutiririkia ni upande wa mwinamo. Kwa mlalo, Waingereza wana neno ambalo kwao lina maana pia ya wafanyakazi kuacha kazi kwa madai. Mfasiri wa mezani, asiyewahi kushika dira mbele ya tabaka, atatuletea "mgomo wa mwamba", na tutashangaa miamba inadai mshahara gani.

Liko pia suala la kukiita nini kile kipande cha mwamba kilichojitokeza. Mimi nasema "mchomozo". Nimepingwa kwamba mwamba hauchomozi; udongo ndio ulioondoka juu yake, mwamba umekaa pale pale. Hoja ni ya kweli kwa jiolojia, lakini haina nguvu kwa lugha. Jua nalo halichomozi, dunia ndiyo izungukayo. Na hakuna aliyependekeza tuache kusema jua limechomoza. Anayeona "mwibuko" au "mfichuko" ni bora, na aandike kurasa 20 za daftari kwa neno lake tuone kama litamfaa. Istilahi hukubaliwa kwa kutumika.

Hapa ndipo ninapogombana na upande wa pili, yaani na sisi wapenzi wa lugha wenyewe. Tumedhani kwamba dawa ya umaskini wa istilahi ni orodha. Tunakaa mezani, tunaweka safu mbili, tunajaza. Kamusi zetu zinalo neno "itale" kwa graniti, neno zuri, fupi, lenye sauti yetu. Nimewauliza wavunja kokoto wangapi, nao hawalijui. Kwa nini wasilijue? Kwa sababu halijapata kutoka kwenye kamusi likaenda kilimani. Orodha bila matumizi ni ghala lililofungwa na ufunguo umetupwa. Mimi sina ugomvi na "itale" wala na "graniti". Nina ugomvi na neno lisilopata kushikwa pamoja na jiwe lake.

Na wakati maneno ya mezani yanalala, ya mtaani yanapotoka tukitazama. Marumaru ni mwamba: ni chokaa iliyopikwa na kugandamizwa ardhini mpaka ikageuka. Leo ukisema "nimeweka marumaru nyumbani", mwenzako ataona vigae vya kuchomwa kiwandani. Neno limeondoka kwenye mwamba, limekwenda sakafuni, na mwamba umeachwa bila jina. Sikatazi maana kupanuka, kwani ndivyo lugha ilivyo. Nakataa kusimama kimya wakati maana ya kwanza inazikwa, kisha kesho yake tuseme "Kiswahili hakina neno".

Kinyume chake, kuna maneno yaliyo hai kwa sababu yana kazi. Wachimbaji wa Tanzania wanasema "kinywe" na wanasema "ulanga", na kila mmoja wao anajua kimoja huchafua vidole kwa weusi na cha pili huchanika vigamba vinavyopitisha nuru. Wanasema "duara" wakimaanisha shimo la kuchimbia, na "marudio" wakimaanisha mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Waashi wa mwambao, karne nyingi kabla ya ramani ya kwanza ya jiolojia, walitenganisha mawe mawili ya baharini: tumbawe lililokatwa likiwa bichi chini ya maji, laini la kuchongwa, ambalo hukaza likikauka, likawekwa kwenye vidaka na mihirabu, na jiwe la matumbawe ya kale lililochimbwa nchi kavu, kali na lenye matundu, likajaza kuta. Tazama magofu ya Kilwa na Gedi utaona kila jiwe limewekwa mahali panapolistahili. Wajenzi hao walirekodi aina za miamba kwa mikono. Sisi wenye kalamu tumeshindwa kurekodi walichokijua.

Mtu ataniuliza: yote haya yana faida gani? Ripoti za miamba husomwa na wataalamu, na wataalamu wanajua Kiingereza.

Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake si la mapenzi ya lugha. Mwamba anaoupima mtaalamu uko katika shamba la mtu. Ripoti ikisema kuna mshipa wenye dhahabu, au kwamba mteremko ule una tabaka lililoinama kuelekea kijijini na huenda likaporomoka mvua zikizidi, wa kwanza kustahili kuisoma ni yule anayelala juu yake. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa. Lakini mwanakijiji akiingia mahakamani na shauri la ardhi yake, ataweza kumwelewa hakimu, ataweza kuisoma sheria, na hataweza kusoma maelezo ya jiwe lililo chini ya jiko lake. Atamtegemea mkalimani, na mkalimani naye atasema "mwamba", "mwamba", "mwamba".

Tumepata kulipa gharama hii zamani. Kilima cha Tendaguru kiko Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara kutoka Berlin, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba pale mifupa ya dinosaria iliyokuwa imelala katika tabaka za mawe ya udongo na ya mchanga. Kazi ya jembe na ya nyundo ilifanywa na mamia ya watu wa nchi hii. Wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja wa wanyama hao amesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kikipita mita 13. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mtu huyo alijua kutenga mfupa na jiwe linaloufunika, ujuzi ambao haupatikani bila kujua jiwe. Mwaka 2007 jina lake lilitiwa katika jina la dinosaria mmoja, Australodocus bohetii, ndipo wengi wetu tukasikia kwamba aliishi. Tabaka za Tendaguru zilipewa majina kwa Kijerumani. Maneno ambayo Boheti na wenzake waliambizana shimoni, hili gumu, hili linabomoka, hapa pole, hayakuwa lugha ya ripoti. Mifupa inadaiwa irudi, na ni haki idaiwe. Maneno yale nani atayadai?

Sisemi tuvunje vitabu vya Kiingereza. Sayansi ni ya dunia nzima, na mjiolojia wa Dodoma lazima aweze kuzungumza na mwenzake wa Chile. Ninachokataa ni daraja kuwa na ncha moja. Shule zetu za sekondari hufundisha miamba kwa Kiingereza, na matokeo yake nimeyaona kwa miaka mingi: kijana amekaa juu ya graniti, anaimba kwa ufasaha maana ya graniti, na ukimwuliza amekalia nini, anasema "jiwe". Amepewa jina kabla ya kupewa macho. Ningemtaka aanze kwa kueleza anachokiona, kwa lugha anayoota nayo ndoto, kisha avuke aende kwenye jina la kimataifa akiwa na mzigo kichwani.

Nawageukia mwisho malenga wenzangu, na msinikasirikie. Tumeandika "imara kama mwamba" mpaka mwamba umechoka. Mwamba upi? Shisti iliyooza unaichana kwa ukucha. Jiwe la matumbawe huliwa na maji ya mvua mpaka likawa sindano. Mvuvi akisikia mwamba hufikiri mahali pa samaki na pa kuvunja ngalawa. Mchezaji mpira hufikiri mti wa juu wa goli. Vijana siku hizi humwita hivyo mtu shupavu. Sisi tunaojiita walinzi wa neno tumelitumia kama kifuniko cha kila chungu. Mwanza imeimbwa kwa mawe yake, lakini ni nani ametuambia kwamba mawe yale yalipoa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, na kwamba yamefika juani kwa sababu milima iliyoyafunika imeliwa yote? Ol Doinyo Lengai hutapika lava ambayo haitapikwi na volkano nyingine yoyote hai duniani: hutoka nyeusi, ikapigwa na unyevu wa hewa, ikawa nyeupe baada ya muda mfupi. Mshairi gani anahitaji tamathali kubwa kuliko hiyo? Inatungoja huko kwa sababu hatujaenda kutazama.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo, tena cha vitendo. Kila msomaji wa ukurasa huu na atafute mchomozo mmoja wa mwamba karibu na kwake: nyuma ya shule, kwenye mkato wa barabara, ufukweni maji yakipwa. Aende na nyundo, kisu na ndimu kama hana asidi; jiwe la chokaa likisagwa kidogo huitikia ndimu. Aandike mistari kumi bila kulitaja jina la mwamba. Kisha alete hapa maandishi yake, pamoja na neno lolote analotumia mvunja kokoto, mwashi au mchimbaji wa pale. Tukipata kurasa mia za namna hiyo, tutakuwa na jambo ambalo hakuna kamati iliyopata kutupa: Kiswahili cha miamba kilichotoka kwenye miamba.

Kwa wale wasiokubali hoja mpaka iwe na vina, haya, pokeeni ubeti mmoja:

Jiwe ukishalishika, litazame kwa makini,
Ligonge likavunjika, uone rangi ya ndani,
Punje zikipukuchika, zihesabu mkononi,
Kwanza sifa kuandika, jina liwe la mwishoni.

Atakayenijibu na anijibu kwa daftari.